Namna ya Kumlinda Mbwa, Paka na Mbuzi wa Nyumbani Dhidi ya Maji: Mwongozo kwa Wafugaji wa Mtwara na Lindi

Wanyama wengi wa nyumbani wanaokufa maji walikuwa wanaweza kuelea. Mbwa wa kawaida huogelea, paka huogelea akilazimika, na hata mbuzi hujitahidi kwa muda akiwa majini. Kinachowaua ni kukosa pa kutokea: ukuta wa kisima hauna pa kukanyaga, karo limebaki nusu na ukingo uko juu mno, au kamba imefungwa kwenye mkoko na bahari imeanza kujaa. Kwa sababu hiyo mfugaji ana kazi mbili kubwa kuliko zote. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kila penye maji pana njia ya kutoka, na ya pili ni kujua saa ambayo maji yatafika mahali ambapo sasa ni pakavu. Hatua zinazofuata zimepangwa kuanzia uani, kisha pwani na mitoni, na mwishoni yameelezwa ya kufanya pale mnyama anapokuwa tayari ameingia hatarini.

Hatua ya kwanza: kagua maji yaliyomo uani

Mtu akisikia habari ya mnyama kufa maji, mawazo yake hukimbilia baharini. Mimi ninaamini kwamba pa kuanzia ni uani, kwa kuwa huko ndiko mnyama anakoshinda na kulala, mara nyingi bila mtu wa kumtazama. Izunguke nyumba yote, ukitazama kila chombo cha maji kwa kimo cha mtoto wa paka: ndoo, beseni la kufulia, pipa la kukingia maji ya mvua, simtanki lililokatwa juu, karo, kisima, shimo la choo ambalo halijafunikwa, na shimo la takataka ambalo hujaa wakati wa mvua.

Mtoto wa paka au wa mbwa mwenye umri wa wiki chache anaweza kufa katika ndoo yenye maji machache sana. Huinama kunywa, uzito wa kichwa humvuta, na akishatumbukia hawezi kujigeuza katika nafasi nyembamba. Maji ya kufulia yamwagwe mara kazi inapokwisha, na ndoo tupu zilazwe kifudifudi. Mapipa yafunikwe kwa mfuniko mzito au wavu wa chuma uliofungwa. Kipande cha bati kilichowekwa juu bila kufungwa ninakihesabu kuwa hatari kuliko pipa lililo wazi, kwa sababu paka hukirukia akidhani ni mahali imara, nacho hupinduka pamoja naye.

Kaya za uwanda wa juu wa Makonde, hasa Newala na Tandahimba, zina jambo lao la pekee. Kwa kuwa maji ya juu ya ardhi ni adimu huko, nyumba nyingi hukinga mvua kutoka paani na kuihifadhi katika visima vilivyojengwa chini ya ardhi. Kisima cha namna hiyo kina kuta laini na giza, na mnyama aliyeangukia humo hana hata jiwe la kushika. Mdomo wa kisima ujengewe ukingo unaofika kiunoni mwa mtu mzima, uwekewe mfuniko wenye bawaba na komeo, na ieleweke kwa kila anayechota, wakiwemo watoto, kwamba mfuniko hurudishwa kabla ndoo haijabebwa kichwani. Tundu la kuingizia maji kutoka kwenye mfereji wa bati nalo lizibwe kwa wavu, kwani paka na panya hupita hapo bila kuonekana.

Mahali ambapo pipa au karo haliwezi kufunikwa, weka njia ya kutokea. Chukua ubao mrefu unaofika chini kabisa, uuzungushie kipande cha gunia la korosho, ukifunge kwa kamba imara, kisha uuegemeze kwa kuulaza. Ubao mtupu ukilowa huteleza, lakini gunia lile la nyuzi hushika kucha vizuri. Ufike chini kwa sababu kina cha maji hupungua kadiri watu wanavyochota, na ubao unaoishia katikati hautasaidia wiki ijayo. Ubao huo uguse ukuta upande mmoja, kwa kuwa mnyama anayetapatapa huogelea akifuata ukuta na huzunguka hapohapo; ubao uliosimama katikati ya maji anaweza kuupita mara nyingi bila kuufikia.

Wanaofuga bata nao wasijione wako salama. Vifaranga vya bata visivyo na mama havina mafuta ya kutosha katika manyoya, hulowa, hupata baridi na kufa katika sahani ya maji ambayo mtu angeiona haina madhara yoyote. Jaza mawe madogo ndani ya chombo chao cha kunywea ili midomo ipite na miili isipite.

Hatua ya pili: jua saa za maji kabla ya kumfunga mnyama pwani

Ninaomba hatua hii isomwe kwa makini na kila mwenye mbuzi au mbwa anayeishi karibu na ghuba ya Mikindani, Msangamkuu, ghuba ya Lindi, Kilwa Kivinje au kijiji chochote chenye ufuo mpana na mikoko. Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na dakika zipatazo 50. Kutoka kupwa hadi kujaa huchukua saa 6 na dakika chache, na saa za leo si za kesho, kwani kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja au mbili baadaye, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyopwa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, tofauti hiyo hupungua sana, na mfugaji aliyezoea maji mafu hujidanganya kwamba anaijua bahari.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa ya kwanza baada ya kupwa huonekana kana kwamba yamesimama. Katika saa ya tatu na ya nne hupanda takriban nusu ya kimo chote. Siku za bamvua bahari ya kwetu hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, zaidi au pungufu kidogo, na hujaa kwenye saa kumi jioni. Kwa hesabu hiyo maji hukimbia zaidi kati ya saa sita na saa nane mchana, muda uleule ambao watu wako msikitini kwa sala ya adhuhuri au nyumbani kwa chakula. Mbuzi aliyefungwa asubuhi kwenye nyasi za ukingo wa mikoko, akiwa na kamba fupi, hufikiwa na maji wakati mwenye mbuzi yuko mbali.

Fanya hivi. Kwanza, tafuta mstari wa takataka na majani makavu ulioachwa na bamvua iliyopita, usimfunge mnyama chini ya mstari huo hata kama nyasi za chini ni nzuri zaidi. Pili, ikiwa malisho ya chini hayaepukiki, mtu mwenye akili timamu abaki naye. Mtoto mdogo asiachiwe kazi hiyo, maana mtoto atamfuata mnyama majini. Tatu, funga fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, kwa kuwa fundo la kawaida likilowa maji ya chumvi na kuvutwa na mnyama mwenye hofu halifunguki kwa vidole. Nne, waulize wavuvi au kina mama wanaokwenda kutafuta pweza na chaza wakati wa maji kupwa. Hao wanajua saa za maji ya wiki nzima bila kutazama karatasi, na hakuna aibu yoyote katika kuwauliza.

Mbwa nao huwafuata wenyeji wao kwenye mafungu ya mchanga na miamba inayojitokeza maji yakipwa. Rudi naye mara bahari inapoanza kugeuka, usisubiri mpaka maji yafike kwenye vifundo vya miguu, kwani kati ya fungu na ufuo mara nyingi kuna mkondo ulio chini kuliko fungu lenyewe. Mkondo huo hujaa kwanza, na anayesimama juu ya fungu hujikuta amezingirwa pande zote.

Hatua ya tatu: mzoeshe mbwa maji bila kumlazimisha

Wapo wanaoamini kwamba mbwa hufundishwa kuogelea kwa kutupwa kutoka gatini au kwenye mtumbwi. Anachojifunza hapo ni hofu, na mbwa mwenye hofu hupiga maji kwa miguu ya mbele tu, sehemu ya nyuma ikizama, mpaka nguvu zimwishie. Chagua siku isiyo na upepo, mahali ambapo ufuo unateremka polepole, kama sehemu za ndani za ghuba ya Mikindani ambazo zimekingwa na mawimbi ya bahari kuu. Ingia naye kwa miguu yako mwenyewe. Maji yakimfika kifuani, weka mkono chini ya tumbo lake mpaka miguu ya nyuma ipande na aanze kuitumia, kisha mwelekeze ufukweni na umwonyeshe mahali pa kutokea. Rudia mahali pa kutokea mara nyingi kuliko kuogelea kwenyewe. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa siku za mwanzo, kwa sababu mbwa anayefurahi hajui kusema kwamba amechoka.

Mbwa mwenye pua bapa, mwenye kifua kizito na miguu mifupi, mzee, mwenye mimba, au aliye mgonjwa asipelekwe kwenye kina kabisa. Tumia mkanda unaozunguka kifua badala ya mkanda wa shingoni wenye kitanzi, maana mkanda wa shingoni hunasa kwenye mizizi ya mikoko na kwenye nyavu. Paka hahitaji mafunzo yoyote ya maji. Mwache na woga wake, unamlinda.

Hatua ya nne: ufukweni, tazama kinachoingia mdomoni

Ukiwa na mbwa Shangani, Msimbati au kwenye diko lolote la wavuvi, hatari iliyo karibu zaidi inaweza kuwa juu ya mchanga wala si ndani ya mawimbi. Wavuvi hutupa samaki wasiotakiwa, na miongoni mwao huwa yumo bunju. Sumu yake hukaa hasa katika ini, mayai na ngozi, haiondoki kwa kupikwa wala kukaushwa juani, na hakuna dawa ya kuipinga. Mbwa aliyemla hutapika, hudhoofika miguu, hulegea mwili wote na mwisho hushindwa kupumua. Akionekana akitafuna bunju, mtoe mdomoni mara moja kwa kutumia kitambaa au jani kubwa, suuza mdomo wake kwa maji baridi yanayomwagikia nje, na mwahishe kwa daktari wa mifugo kabla dalili hazijaonekana.

Ndoana yenye chambo ni hatari nyingine ya kila siku. Mbwa akiimeza na mshipi ukabaki ukining'inia, usiuvute hata kidogo, kwani ndoana itachana koo au utumbo. Kata mshipi ukibakiza urefu wa shubiri mbili nje, ufunge kwenye mkanda wake asiumeze, kisha mpeleke kwa daktari. Ndoana iliyonasa mdomoni ikiwa inaonekana yote husukumwa mbele mpaka kijino kitokee, kijino kikakatwa kwa koleo, na sehemu iliyobaki ikarudishwa ilikoingilia.

Maji ya bahari yenyewe yana chumvi ya takriban gramu 35 katika kila lita. Mbwa anayecheza na kumeza maji hayo kidogokidogo kwa muda mrefu huharisha na kutapika. Akiyanywa mengi, huanza kuyumba, kutetemeka, na hatimaye hupata degedege. Dawa ya jambo hili ni ya bei nafuu: chukua dumu la maji matamu na bakuli, mpe kila baada ya robo saa hata kama haonyeshi kiu. Akiwa ameshakunywa maji mengi ya bahari, mpe maji matamu kwa vipimo vidogo vidogo na umpeleke kwa daktari, usimwache anywe dumu zima kwa pumzi moja. Waishio karibu na mashamba ya chumvi waongeze tahadhari, kwa kuwa maji yaliyokaushwa juani katika vibirika hivyo yana chumvi nyingi kuliko bahari, na mbwa mwenye kiu hawezi kujua hivyo kwa kuyatazama.

Yavuyavu waliotupwa ufukweni huwasha hata wakiwa wamekufa. Suuza sehemu iliyowashwa kwa maji ya bahari, wala usiisugue kwa mchanga. Mchanga wa saa saba mchana huunguza nyayo. Ukishindwa kuukanyaga kwa miguu mitupu, mbwa naye hawezi. Mnaporudi nyumbani mwoshe chumvi kwa maji matamu na umkaushe masikio, hasa mwenye masikio yaliyolala.

Msimbati na Ruvula ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kasa hutaga mayai katika fukwe za huko, na mbwa aliyeachwa huru huyafukua kwa kunusa. Mfunge kamba kwa usalama wake na wao pia.

Hatua ya tano: mitoni, malamboni na kwenye mabonde ya mpunga

Katika Mto Ruvuma wamo mamba na viboko, na mbwa anayekunywa ukingoni ameinamisha kichwa mahali ambapo mamba anamngoja. Kanuni yangu kwa mto wenye mamba haina nafuu: mnyama hanywi mtoni. Chota maji kwa ndoo yenye kamba ukiwa mahali pa juu, uyapeleke mbali na ukingo, na mnyama anywe huko. Usifike mahali pamoja kila siku kwa saa ileile, kwa kuwa mamba hujifunza mazoea ya wanaokuja kunywa. Mbwa anayebweka ukingoni hufukuziwa mbali haraka, maana kubweka kwake hakumtishi mamba.

Maji yaliyotuama yana hatari isiyo na meno. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa uliozuka katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, ambapo wagonjwa 20 waliripotiwa na watu 3 walifariki. Vipimo vilithibitisha kwamba ulikuwa homa ya mgunda. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi katika maji na tope, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho, pua au mdomo. Mbwa huugua, na mbwa anayeonekana mzima anaweza kuutoa mkojoni na kuwaambukiza walio nyumbani. Kwa hiyo mzuie kunywa na kujitumbukiza katika madimbwi ya mabonde ya mpunga. Muulize daktari wa mifugo habari ya chanjo, maana ipo kwa mbwa. Banda lake lisiwe karibu na kisima. Na unaposafisha mahali alipokojoa vaa mifuko ya plastiki mikononi ikiwa huna glavu, kisha unawe kwa sabuni. Mbwa mwenye homa, anayetapika, mwenye macho ya manjano au mkojo wa rangi ya chai kali asisubiri kesho.

Kuanzia mwezi wa sita wakulima wa korosho huanza kupulizia salfa na viuatilifu vya maji dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mabomba huoshwa karibu na lambo, na makopo matupu huachwa chini ya mikorosho yakisubiri mvua. Kopo la kiuatilifu halioshwi likawa chombo cha kunyweshea mnyama, hata likioshwa mara ngapi. Litoboe, usilichome, lihifadhiwe mbali mpaka utakapopata maelekezo ya ofisa ugani. Lambo lenye utando wa kijani unaoelea juu na kunuka uvundo lizungushiwe miiba mpaka maji yabadilike, kwani baadhi ya tando hizo zina sumu inayoua ini la mbwa kwa muda mfupi.

Hatua ya sita: safari ya chombo

Kwenye kivuko cha kwenda Msangamkuu au kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda, mshike mbwa kamba fupi mkononi, usiifunge kamba kwenye chombo, maana chombo kikipinduka kitamvuta. Paka asafirishwe katika tenga lenye mfuniko ambao mtu anaweza kuufungua kwa mkono mmoja. Jaketi okozi la mbwa lenye mshikio mgongoni ni bora likipatikana. Madumu matupu yaliyofungwa shingoni ninayakataa kabisa, kwa sababu humgeuza mnyama na kichwa kikaenda chini.

Hatua ya saba: mvua kubwa na vimbunga

Msimu wa mvua wa kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na miaka ya karibuni mwisho wake umekuja na vimbunga. Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, mwezi Aprili 2019, na wakazi wa Mtwara walitakiwa kuchukua tahadhari. Mwezi Mei 2024 kilifuata Kimbunga Hidaya, na mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga. Barabara ikikatika namna hiyo, dawa za mifugo nazo hazifiki, kwa hiyo maandalizi yatangulie.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya mvua kubwa au ya upepo mkali na mawimbi makubwa, jambo la kwanza ni kuwafungua wanyama. Mbwa wa ulinzi aliyefungwa kwa mnyororo uani hawezi kukimbia maji yanapoingia usiku, na kifo cha namna hiyo kinazuilika kwa mkono mmoja tu. Mwingize ndani au barazani. Mbuzi na kuku wahamishiwe mahali pa juu kungali mchana. Weka tayari chakula cha siku kadhaa katika dumu lenye mfuniko, maji safi, kamba, na kadi ya chanjo ndani ya mfuko wa nailoni. Maji yakishapungua, kagua uani upya kabla ya kuwaachia, kwa sababu mafuriko hufungua mashimo yaliyokuwa yamefukiwa na huleta nyoka.

Hatua ya nane: mnyama akizama

Usijitose. Mbwa anayetapatapa hupanda juu ya kichwa cha mtu na kumzamisha. Tumia upondo, tawi refu, au kamba yenye kitanzi kipana. Kwa paka aliye kisimani teremsha tenga lililofungwa kamba pande mbili, likae sawasawa juu ya maji, unyamaze, naye atalipanda mwenyewe. Mtu asishuke kisimani kumfuata mnyama kwa hali yoyote, kwani hewa ya chini ya kisima inaweza kuwa haina oksijeni na mtu hupoteza fahamu kabla ya kupata nafasi ya kupiga kelele. Wala pampu ya petroli isishushwe humo. Piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Akishatoka, mlaze ubavu na uinamishe kichwa chake kiwe chini ya kifua kwa sekunde chache, ili maji ya mdomoni na puani yatoke. Usimning'inize kwa miguu wala kumzungusha. Vuta ulimi mbele, ondoa tope au majani, kisha tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Ikiwa hapumui, funga mdomo wake kwa mkono, upulize puani mwake mpaka kifua kiinuke. Asipoonyesha dalili ya uhai, bana kifua mahali kiwiko cha mguu wa mbele kinapokigusa, mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila mara kifua kikishuka kwa theluthi moja hadi nusu ya upana wake na kuachwa kiinuke kabisa. Kisha mpulizie pumzi 2, uendelee hivyohivyo. Paka au mbwa mdogo hubanwa kwa mkono mmoja uliozungushwa kifuani. Watu wawili wapokezane kila baada ya dakika 2, maana mikono iliyochoka haibani vya kutosha. Asiporejea baada ya dakika 20 hivi, hakuna mengi yaliyobaki ya kufanya.

Kwa mbwa usiyemjua, acha kupuliza na ubane kifua tu. Kichaa cha mbwa bado kipo, na mbwa anayetokwa mate, asiyeweza kumeza maji au aliyebadilika sauti asishikwe mdomo hata kama unadhani amekabwa na mfupa. Ukiumwa wakati wa kuokoa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Mnyama aliyezinduka akaushwe kwa khanga kavu na kufunikwa, akae mbali na moto. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, ingawa majirani watakushauri hivyo kwa nia njema, kwa sababu asiyemeza vizuri huyapeleka mapafuni. Hata akisimama na kutikisa mkia, mapafu yake yanaweza kujaa majimaji baada ya saa kadhaa, na hali hiyo inaweza kujitokeza hata siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata, umweleze kama maji yalikuwa ya chumvi au matamu, safi au ya tope, na alikaa humo kwa muda gani. Usiku wa kwanza hesabu pumzi zake akiwa amelala, kila baada ya saa mbili: zikizidi 40 kwa dakika, au akikohoa povu, au ufizi ukigeuka kuwa mweupe au wa buluu, mrudishe kwa daktari usiku huohuo.